Injini ya Corolla ya Zamani Inaposumbua: Kuifuata Dalili Mpaka Kwenye Chanzo

Mwongozo huu unahusu Toyota Corolla za vizazi vya AE100 na AE110, zilizotoka kiwandani miaka ya 1990 na ambazo hadi leo zinabeba familia, mizigo ya sokoni na abiria wa teksi katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Chini ya boneti zake mara nyingi utakuta injini ya 5A-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,498 au 4A-FE yenye 1,587. Zote mbili zina silinda nne, vali 16, mkanda wa taimingi wa mpira, distribyuta moja inayogawa umeme kwa plagi, na nozeli za kunyunyizia petroli zinazoendeshwa na kompyuta. Ni injini zinazovumilia mengi, na karibu kila tatizo lake linaweza kupimwa kwa vifaa vichache. Kinachozimaliza mapema ni kubahatisha. Mwenye gari huambiwa anunue plagi, kisha koili, kisha pampu, kisha nozeli, na mwisho wa yote gari linaendelea kutikisika vilevile wakati fedha iliyotosha matengenezo ya kweli imekwisha dukani. Hatua zilizoelezwa hapa zimepangwa ili kipimo kitangulie ununuzi.

Vifaa vinavyohitajika ni multimita ya kawaida, geji ya kompresheni (mgandamizo wa silinda), taa ya taimingi, bisbisi ndefu, spana za namba za kawaida na kipande kifupi cha waya. Fundi asiye na geji ya kompresheni anaweza kutengeneza mengi, lakini hana haki ya kukuambia kwamba injini yako imechoka.

Kabla ya kushika spana

Kuna maswali matatu ya kumuuliza dereva: tatizo lilianza lini, hujitokeza injini ikiwa baridi au ikishapata moto, na ni kitu gani kilichofanyika kwenye gari siku chache kabla. Swali la tatu ndilo hupuuzwa zaidi, ilhali matatizo mengi huzaliwa na matengenezo yaliyotangulia, kama vile waya wa plagi uliorudishwa mahali pasipo pake, mpira wa vakyumu uliosahaulika, au soketi ya sensa ambayo haikusukumwa mpaka ikabana. Injini iliyooshwa jana kwa maji ya presha na leo ikakataa kuwaka inataka kwanza kifuniko cha distribyuta kifunguliwe na kukaushwa, kabla ya jambo lingine lolote.

Baada ya maswali, isikilize kompyuta. Ndani ya boneti kuna kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, na upande wa ndani wa kifuniko chake umechorwa mpangilio wa matundu. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini wala kugusa pedeli ya mafuta, kisha utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo ulio sawa, mara mbili kwa sekunde, kompyuta haijahifadhi hitilafu yoyote. Ikiwa ipo, taa itahesabu tarakimu ya kwanza, itapumzika kwa sekunde moja na nusu, kisha itahesabu ya pili. Hivyo mipepeso miwili, pumziko, na mipepeso mingine miwili husomeka 22, yaani mkondo wa sensa ya joto la maji. Namba 31 ni sensa ya presha ya hewa inayoingia, 41 ni sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), 21 ni sensa ya oksijeni, 12 na 13 ni mawimbi ya mzunguko yanayotoka kwenye distribyuta, na 14 ni mawimbi yanayorudi kutoka kwenye ignaita, kifaa kinachokata umeme wa koili ili itoe cheche.

Namba hizo zisomwe kwa uangalifu. Namba 22 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba habari zinazofika kwenye kompyuta kutoka upande huo haziaminiki, na waya uliotafunwa na panya hutoa namba ileile inayotolewa na sensa mbovu. Angalia pia kama taa yenyewe huwaka unapofungua swichi. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, au imetolewa makusudi ili mnunuzi asiione.

Selfu haizungushi

Sehemu hii haihitaji maneno mengi. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6, na ikishuka hadi karibu 12.2 imebaki nusu. Weka multimita kwenye vichwa vya betri huku mwenzako akipiga selfu: ikiporomoka chini ya volti 9.6, betri haina nguvu. Ikibaki juu na selfu haisogei, tazama terminali zenye ukungu mweupe au wa kijani, na waya wa athi unaokwenda kwenye bodi na kwenye injini. Kama kila unapozungusha ufunguo unasikia mlio mmoja wa "tak" kisha kimya, hali inayokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, vipande vya shaba ndani ya solenoidi ya selfu vimelika. Vipande hivyo huuzwa peke yake kwa bei ndogo, na hakuna sababu ya kununua selfu nzima.

Selfu inazungusha, lakini injini haiwaki

Injini ya petroli inahitaji cheche kwa wakati wake, petroli, hewa na mgandamizo wa kutosha. Kazi yako ni kujua kipi kimekosekana, na kuna kipimo kinachochukua dakika chache kinachofaa kutangulia vingine. Fungua kifuniko cha distribyuta, kiache kikining'inia na waya zake, kisha mwenzako apige selfu huku ukitazama rota. Rota huzungushwa na kemshafti, na kemshafti huzungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo selfu ikizunguka na rota ikasimama, mkanda umekatika. Katika 4A-FE vali na pistoni hazigongani mkanda unapokatika, na mara nyingi gari huwaka tena baada ya kufungwa mkanda mpya. Imani hiyo usiihamishie kwenye injini nyingine, kwa sababu zipo nyingi ambazo mkanda ukikatika vali hupinda zote. Mkanda wenyewe hustahili kubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari lililonunuliwa bila kumbukumbu lihesabiwe kuwa limeshazipita.

Rota ikizunguka, tafuta cheche. Chomoa soketi za nozeli zote nne ili petroli isiingie kwenye silinda, toa plagi moja, ivishe waya wake, na uiegemeze kwenye chuma cha injini ukiishika kwa koleo lenye mpira wakati selfu inapigwa. Cheche nzuri ni ya bluu na hulia. Ya njano, nyembamba na inayokatika-katika haitoshi kuwasha mchanganyiko uliogandamizwa. Ikiwa hakuna cheche kwenye plagi yoyote, rudi kwenye namba 12, 13 na 14, kisha upime kama koili inapata volti za betri swichi ikiwa wazi. Katika distribyuta nyingi za kizazi hiki koili na ignaita zimo ndani yake, na soketi yake iliyolegea au iliyoingia oili husababisha gari kuzima ghafla barabarani na kuwaka tena baada ya kupoa.

Cheche zikiwepo, geukia petroli. Kwenye kile kisanduku cha DIAGNOSIS unganisha +B na FP, fungua swichi, na uweke sikio kwenye tangi: pampu inatakiwa kusikika ikivuma. Ikivuma kwa kuunganishwa lakini ikawa kimya selfu inapopigwa, pampu ni nzima na kasoro iko kwenye rilei yake au kwenye amri inayotoka kwa kompyuta. Ikiwa haivumi kabisa, pima kama volti zinafika kwenye soketi yake kabla ya kufungua tangi. Mwenye geji ya presha ya mafuta atafute psi 38 hadi 44 mpira wa vakyumu wa regileta (kidhibiti cha presha ya petroli) ukiwa umechomolewa. Huo mpira nao utazamwe ndani: ukikuta petroli, kiwambo cha regileta kimetoboka na injini inanyweshwa kupita kiasi. Kazi yoyote ya kufungua bomba la petroli ifanyike injini ikiwa baridi na presha ikiwa imeshapunguzwa, na pasiwe na moto wala sigara karibu.

Petroli yenyewe nayo inaweza kuwa mbovu. Tofauti ya kodi kati ya petroli na mafuta ya taa imewavutia wachakachuaji kwa miaka mingi, kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Gari lililokuwa zima likaanza kugonga, kuwaka kwa shida asubuhi na kukosa nguvu mara baada ya kujaza mafuta, lichunguzwe kwa karatasi nyeupe: dondosha matone machache ya petroli kutoka kwenye gari, usubiri yakauke kivulini. Petroli safi huondoka bila kuacha alama ya maana. Doa la mafuta linalobaki ni dalili ya mchanganyiko.

Injini inamisi na kutikisika

Hili ndilo tatizo linalopoteza fedha nyingi kuliko yote, kwa kuwa dalili moja ina vyanzo vingi na kila duka lina kifaa cha kukuuzia. Anza kwa kujua ni silinda ipi. Injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama, chomoa soketi ya nozeli moja kwa wakati, usikilize, kisha uirudishe. Silinda nzima ikinyimwa petroli mngurumo hushuka na mtikisiko huongezeka. Silinda inayomisi ukiichomoa hakuna kinachobadilika. Wapo wanaochomoa waya za plagi badala ya nozeli. Sishauri njia hiyo kwa injini hizi, kwa kuwa umeme mkubwa usio na pa kwenda unaweza kuua ignaita au kukurusha wewe.

Tuseme silinda ya pili ndiyo isiyofanya kazi. Vuta waya wake wa plagi na uitazame ncha ya mpira kwa karibu. Kwenye injini hizi plagi zimekaa ndani ya visima vilivyo katikati ya kifuniko cha vali, na sili za visima hivyo zikikauka oili huvuja taratibu mpaka kisima kinajaa. Utaona mpira unang'aa, umevimba na kulainika, na pengine mstari mwembamba mweusi uliopanda kwenye kauri ya plagi: hiyo ni njia ambayo cheche imeipitia kukimbilia kwenye chuma badala ya kuruka chini ndani ya silinda. Plagi mpya itaficha tatizo hilo kwa muda, kisha litarudi. Dawa ni kubadilisha gasketi ya kifuniko cha vali pamoja na sili za visima, kuvinyonya na kuvipangusa visima kabla plagi hazijatolewa ili oili isimwagikie ndani ya silinda, na kubadilisha waya zilizolainika.

Kisima kikiwa kikavu, hamisha vitu kimoja kimoja na ulifuate tatizo linakokwenda. Plagi ya silinda ya pili iende ya tatu, na ya tatu ije ya pili. Kumisi kukihamia silinda ya tatu, umempata mkosaji bila kununua chochote. Kukibaki pale pale, hamisha waya ikiwa urefu unaruhusu, au ipime: omu 25,000 ndio ukomo kwa kila waya. Usiku penye giza, boneti ikiwa wazi na injini inaunguruma, waya mbovu hujionyesha zenyewe kwa vicheche vya bluu vinavyorukaruka juu ya kifuniko. Unaporudisha waya, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda.

Upande wa cheche ukiwa mzima, weka ncha ya bisbisi ndefu kwenye mwili wa nozeli na mpini wake kwenye sikio. Nozeli inayofanya kazi hugonga kwa kasi na kwa mlio mkavu. Iliyo kimya ipimwe; karibu omu 14 ni hali ya kawaida, na ikiwa na usomaji huo lakini bado iko kimya, angalia waya zinazoilisha. Inayogonga vizuri lakini silinda haina nguvu huenda imeziba kwa uchafu, na inafaa kupelekwa penye mashine ya kuosha nozeli, ambako utaoneshwa mnyunyizo wake kabla na baada.

Kumisi kunakosambaa kwenye silinda zote, hasa injini inapounguruma bila kukanyagwa mafuta, mara nyingi hutokana na hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye injini kupitia mahali pasipotakiwa. Mipira ya vakyumu iliyokaa zaidi ya miaka 25 karibu na joto hupasuka kwenye mikunjo. Nyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia kwenye kila mpira, kwenye maungio ya manifoldi na kwenye mpira mnene wa buusta ya breki. Mngurumo ukibadilika ghafla, hapo ndipo hewa inapoingilia. Mafundi wengine hutumia petroli au dawa ya kuoshea kaburata kwa kazi hii, jambo ambalo limeshachoma magari. Mpira mmoja unahitaji kutazamwa peke yake: ule mdogo unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye sensa ya presha ya hewa. Ukichomoka au kupasuka, kompyuta hudhani injini imebebeshwa mzigo mkubwa na kumwaga petroli nyingi, hivyo gari hutoa moshi mweusi, hutetemeka na kuzima. Nimeona gari likibadilishiwa nozeli zote nne kwa sababu ya mpira huu mmoja.

Kompresheni

Ikiwa silinda ina cheche na petroli lakini bado haifanyi kazi, pima mgandamizo. Injini iwe na moto wake wa kawaida, plagi zote zitolewe, soketi ya distribyuta na za nozeli zichomolewe, throto ifunguliwe mpaka mwisho, na betri iwe na nguvu. Kwa 4A-FE kiwango cha kawaida ni psi 191, cha chini kabisa 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Wanaopimia Nairobi au Mbeya wakumbuke kwamba katika kimo cha takriban mita 1,700 shinikizo la hewa ni dogo kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa au Dar es Salaam, na geji itashuka kwa kadiri hiyo hiyo hata kama injini ni nzima. Huko juu tofauti kati ya silinda ina maana kubwa kuliko namba yenyewe.

Silinda iliyo chini iongezewe kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na ipimwe tena. Mgandamizo ukipanda, ringi zimelika; usipopanda, vali hazifungi vizuri, na kabla ya kufungua hedi (kichwa cha injini) inafaa kupima nafasi kati ya kemu na vali, kwa kuwa nafasi iliyokwisha huiacha vali wazi kidogo wakati wote. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya hedi imeungua kati yake.

Gari linakula mafuta na kutoa moshi mweusi

Mbali na mpira uliotajwa hapo juu, mshukiwa mkubwa ni sensa ya joto la maji. Ziko mbili, nazo huchanganywa mara kwa mara: yenye waya mmoja huendesha mshale wa dashibodi, na yenye waya mbili huiarifu kompyuta. Mshale unaweza kuonyesha joto la kawaida huku kompyuta ikiamini kwamba injini iko kwenye baridi kali na kuendelea kuongeza petroli. Sensa ya kompyuta inatakiwa kusoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kuijaribu kunahitaji kikombe cha maji ya moto na multimita tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na desturi ya kutoa thamostati, inayotetewa kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Thamostati ya injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto hilo haraka na kuibakiza hapo. Ikitolewa, maji huzunguka bila kizuizi, injini huchelewa kupata moto, kompyuta huendelea kuongeza petroli, na oili hukaa na unyevu unaozaa tope. Gari lililotolewa thamostati kwa sababu lilikuwa linachemsha bado lina ugonjwa wake wa awali, na sasa limeongezewa wa pili.

Gari linachemsha

Uliza linachemshia wapi. Linalochemsha kwenye foleni ya Ubungo na kupoa mara linapopata mwendo lina tatizo la feni. Linalotulia mjini lakini likapandisha mshale kwenye mlima Kitonga lina tatizo la mzunguko wa maji, rejeta iliyoziba, au gasketi ya hedi inayovujisha moto wa silinda ndani ya maji. Swali hili moja hupunguza kazi kwa nusu.

Feni ina kipimo chake. Chomoa soketi ya swichi ya joto inayoiongoza, injini ikiwa baridi na swichi ya gari ikiwa wazi: feni inapaswa kuzunguka papo hapo. Ikizunguka, mota, rilei na fyuzi ni vizima, na kasoro ni swichi hiyo. Isipozunguka, ipe mota umeme wa betri moja kwa moja ili ujue kama imekufa. Vidole vyako vikae mbali nayo wakati wote.

Mfuniko wa rejeta hauthaminiwi inavyostahili. Hushikilia presha ya takriban 0.9 baa, na presha hiyo huinua kiwango cha kuchemka kwa maji kwa karibu nyuzi 20. Spring yake ikichoka, maji huchemka mapema, tena mapema zaidi kwenye miinuko, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Watapampu ya injini hizi huzungushwa na fenibelti ileile inayozungusha oltaneta, kwa hiyo taa ya betri ikiwaka na mshale wa joto ukipanda kwa wakati mmoja, tazama belti hiyo kwanza na usiendelee na safari. Rejeta iliyoziba huonekana injini ikiwa moto na imezimwa: pitisha kiganja karibu na uso wake, na sehemu zilizobaki baridi ndizo maji hayapiti. Maji ya bomba yasiyo na kulanti ndiyo huleta kutu inayoziba njia hizo, na kinga yake ni mchanganyiko wa kulanti na maji safi, nusu kwa nusu.

Gasketi ya hedi huthibitishwa kwa dalili kadhaa pamoja. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka shingoni, washa gari na utazame: mapovu yanayoendelea kutoka bila kukoma, au maji yanayorushwa nje mara unapokanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaopenya. Oili kwenye kijiti chake iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa inaonyesha kwamba maji yameingia upande wa oili, ingawa utando mwembamba chini ya kifuniko cha oili peke yake unaweza kuwa unyevu tu wa gari linalotembea safari fupi. Ukiongeza moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, na silinda mbili jirani zenye mgandamizo mdogo, fungua hedi bila kusita.

Hedi ikishafunguliwa, isirudishwe bila kupimwa unyoofu. Laza rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wake, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na upitishe kipimo chembamba chini yake: upinde ukizidi milimita 0.05 upande wa bloku, hedi iende kusawazishwa kwenye mashine. Boliti hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Gasketi nyingi zinazoungua tena ndani ya miezi michache zilikazwa kwa kukisia. Na gari linapochemsha barabarani, lizimwe na kuachwa lipoe lenyewe. Kufungua mfuniko likiwa moto huunguza uso, na maji baridi yanayomwagwa kwenye injini iliyochemka huweza kuipasua hedi yake ya aluminiamu.

Moshi wa bluu, taa ya oili na sauti

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka kwa muda mfupi asubuhi gari linapowashwa, au unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mlima kwa gia, sili za vali zimekauka. Ukiongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, ringi ndizo zimelika. Kabla ya kuamua lolote, safisha vali ya PCV, inayopumua hewa ya ndani ya injini, iliyo kwenye kifuniko cha vali: itikise, na isipolia ndani imeziba, hivyo presha iliyonaswa upande wa chini wa injini inaisukuma oili mahali isipotakiwa.

Mlio mwepesi wa tik-tik juu ya injini ni wa nafasi za vali. Mlio mkavu wa kugonga unaosikika ukipanda mlima kwa gia kubwa ni wa taimingi iliyotangulia mno au petroli duni; unganisha TE1 na E1 na uweke taimingi kwenye nyuzi 10 kwa taa yake. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaokuja na taa nyekundu ya oili, ni wa beringi, na gari lizimwe papo hapo. Kama kiwango cha oili kiko sawa, toa swichi ya presha na ufunge geji mahali pake. Kwenye mzunguko wa 3,000 kwa dakika inatakiwa kusoma psi 36 hadi 71, na injini ikiunguruma bila kukanyagwa isishuke chini ya psi 4. Presha ikiwa nzuri na taa bado inawaka, swichi ndiyo mbovu. Hata mtu aliyekwisha kuambiwa anunue injini nyingine anastahili kufanyiwa kipimo hiki kwanza.

Ikiwa vipimo vyote vimethibitisha kwamba injini imekwisha, ya mtumba hupatikana, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka mjini Kampala. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha oili na utazame tope, toa plagi na usome rangi zake, zungusha krenki kwa spana ili ujue haijashika, na uombe ipimwe kompresheni kwa selfu na betri hapo hapo. Muuzaji anayekataa kipimo hicho mwache na injini yake. Kabla haijapandishwa kwenye gari, ifungwe mkanda mpya wa taimingi, sili za kemshafti na krenki, watapampu na thamostati, kwa kuwa wakati huo kila kitu kinafikika bila kufungua kingine. Ikishawaka, toa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kufuta kumbukumbu za hitilafu, endesha siku moja, kisha usome tena taa ya injini, na kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, pima maji na oili.